Kipimo cha tegu wa farasi kinapokupa majibu ya ajabu

Malalamiko yaliyo hapa ni yaleyale yanayorudi kila mara. Yanatoka kwa masaisi wa farasi wanaopandisha wageni ufuoni, wenye punda wa mikokoteni ya maji, madaktari wa mifugo, na wanafunzi wa maabara wanaosaka protini ya kumtambulisha tegu. Kila kichwa ni lalamiko, na chini yake sababu zimepangwa kuanzia ile inayotokea sana. Utaona ninailaumu sampuli kabla sijailaumu protini. Kwa joto la Mombasa, damu iliyochukuliwa saa nne asubuhi inaweza kuwa imeshaharibika adhuhuri, na hakuna mashine itakayoirudisha.

Kwanza mdudu mwenyewe. Anoplocephala perfoliata ndiye tegu wa farasi anayepatikana zaidi. Anakaa pale utumbo mwembamba unapomwaga kwenye sikamu, mfuko wa mwanzo wa utumbo mpana, ameng'ang'ania ukuta kwa vinyonyeo vinne, na hana kulabu. Mayai yake yakitoka na kinyesi huliwa na utitiri wa udongoni, ambamo lava hukua kwa miezi 2 hadi 4. Farasi akila majani humla utitiri, na baada ya wiki 6 hadi 10 tegu amekomaa. Wakiwa wachache hawamsumbui sana. Wakiwa wengi wanauchubua na kuuvimbisha ule mlango, na hapo msokoto wa tumbo huanza. Utafiti uliofanywa Uingereza na Proudman na wenzake, uliotolewa mwaka 1998, uliwahusisha tegu na takriban 22% ya misokoto ya kukaza na kuachia, na 81% ya visa vya kuziba mwisho wa utumbo mwembamba. Ndiyo maana kiashiria, yaani protini ya kumtambulisha tegu, kinachosema tu "yupo" hakimsaidii sana daktari. Kinachosaidia ni kile kinachopanda kadiri tegu wanavyoongezeka.

"Kinyesi kimepimwa, hakuna yai hata moja, na msokoto unarudi"

Mara nyingi tatizo ni njia iliyotumika. Tegu hatagi mayai yakatoka kidogo kidogo kila siku kama minyoo mingine. Hukata pingili nzima, na pingili hutoka leo, kesho zisitoke. Kipimo cha McMaster, kinachotumia gramu chache za kinyesi na maji ya chumvi, humkosa kirahisi. Chukua gramu 40 hivi kutoka sehemu kadhaa za kinyesi kibichi, zungusha kwenye sentrifuji, halafu elesha kwa maji mazito ya sukari. Kichocheo cha zamani cha Sheather ni gramu 454 za sukari kwa mililita 355 za maji, nacho hufika uzito linganifu wa karibu 1.27. Tia formalini kidogo, la sivyo kuvu na sisimizi wa Mombasa wataifikia chupa kabla yako. Hata kwa njia hii nzuri, kipimo kilichochapishwa mwaka 1992 kiliwakamata 61% tu ya farasi wenye tegu, ingawa wenye tegu zaidi ya 20 wengi wao walinaswa. Yai lake lina pembepembe kama herufi D, lina mikroni 65 hadi 80, na ndani kuna umbo kama pea.

Sababu ya pili, kwa farasi wa ufuoni, haina uhusiano wowote na tegu: ni mchanga. Farasi anayelishwa nyasi zilizotupwa chini pale Nyali anameza mchanga kila siku. Okota mabonge kadhaa ya kinyesi, yale ya juu ambayo hayajagusa ardhi, uyatie ndani ya glavu ndefu ya plastiki pamoja na maji, uvuruge, kisha uitundike vidole vikiwa chini. Baada ya dakika 15 au 20 shika ncha za vidole. Mchanga utausikia unakwaruza, na ukiinua glavu kwenye mwanga utauona umejipanga mstari mweupe. Ukiukosa, bado si ushahidi kwamba tumboni hamna. Ukiupata, toa chakula chini ukiweke kwenye hori, na usipoteze pesa za ELISA, kipimo cha maabara kinachosaka kingamwili za tegu kwa kugeuza rangi, kwanza.

Baada ya hapo ndipo uwafikirie tegu wachanga ambao hawajaanza kukata pingili, minyoo mingine, na meno mabovu. Hapa vipimo vya protini vina nafasi yake, kwa sababu havisubiri pingili itoke.

Simama na umwite daktari wa mifugo mara moja ikiwa farasi anajigaragaza na hatulii, mapigo ya moyo yamepita 60 kwa dakika akiwa amesimama (kawaida ni 28 hadi 44), ufizi umegeuka rangi ya zambarau au umekauka, au hajatoa kinyesi na tumbo liko kimya. Usimpe dawa ya minyoo wakati wa msokoto, na usimnyweshe mafuta kwa chupa. Yakiingia mapafuni umemuua wewe.

"Nimempa dawa, kipimo bado kinasema ana tegu"

Kingamwili ni kumbukumbu ya mwili. Tegu anaweza kuwa amekwisha kufa huku IgG(T), aina ya kingamwili inayopimwa zaidi hapa, ikizunguka kwenye damu kwa miezi. Kwa kipimo cha damu subiri miezi 4 hivi baada ya dawa; kwa kile cha mate, ambacho hushuka mapema zaidi, angalau miezi 3. Ukipima wiki ya tatu utapata jibu la zamani, umlaumu muuza dawa bure.

Sababu ya pili ni dawa yenyewe. Soma boksi. Ivermectin peke yake haimuui tegu, hata ukimpa farasi mirija mitatu. Anayemuua ni praziquantel, au pyrantel kwa dozi maradufu ya ile ya minyoo ya kawaida, yaani miligramu 13.2 kwa kila kilo. Saisi atakuapia kwamba ametoa "dawa ya minyoo yote", naye hasemi uongo. Ndivyo alivyoambiwa dukani.

Ya tatu ni uzito wa kukisia. Pima kwa utepe mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Farasi mwenye mzunguko wa 160 na urefu wa 150 atatoka kilo 323, na kwa miligramu 1.5 za praziquantel kwa kilo anahitaji karibu miligramu 485. Hesabu hii ni ya farasi mzima. Punda ana umbo lake na chati yake; usimchanganye humu.

Kuambukizwa upya kunawezekana pale farasi wanapochunga uwanja uleule, kwa kuwa dawa anayopewa farasi haiumalizi utitiri wa udongoni. Dawa kushindwa kabisa niliiweka mwisho kwa makusudi, ingawa si hadithi tena: mwaka 2023 ilichapishwa taarifa kutoka Marekani ya praziquantel na pyrantel kushindwa kuwaondoa tegu wa farasi. Ukishuku hilo, usiongeze dozi kwa kichwa chako. Mpe daktari tarehe, jina la dawa, uzito na majibu ya kinyesi ya kabla na baada. Kama maabara yako ina kipimo kinachotafuta protini za tegu ndani ya kinyesi badala ya kingamwili kwenye damu, hiki ndicho cha kutumia hapa, maana protini hizo hutoweka tegu anapotoweka.

"Sahani yote ya ELISA imegeuka rangi, hata visima visivyo na damu"

Osha upya. Nusu ya kesi zinaishia hapa, na najua hakuna anayependa kuambiwa hivyo. Mashine ya kuoshea ikiwa na pua moja iliyoziba kwa chumvi, safu nzima itawaka. Tazama kama rangi imejipanga kwa safu. Ikiwa ndivyo, ni pua. Ikiwa visima vya pembeni tu ndivyo vyenye rangi kali, ni uvukizi: funika sahani, uiweke kwenye boksi lenye kitambaa kibichi.

Kisha angalia maji. Maji ya kisima ya hapa kisiwani yana chumvi, na ya mfereji siku nyingine hayana nafuu. Bafa itengenezwe kwa maji yaliyotoneshwa, si ya dukani yaliyoandikwa "safi".

Halafu joto. Maelekezo yanaposema uache sahani kwenye joto la chumba, mwandishi alikuwa kwenye chumba cha nyuzi 20 hadi 25. Chumba cha Mombasa mwezi wa tatu, kiyoyozi kikiwa kimezimika pamoja na stima, kina 31 au 32. Kimeng'enya kinakimbia, na dakika 15 za maelekezo zinakuwa nyingi mno. Tumia inkubeta iliyowekwa nyuzi maalumu, au simamisha rangi kwa kutazama sampuli za kulinganishia badala ya saa ya ukutani. TMB, kimiminika kinachogeuka rangi kikikutana na kimeng'enya, ikiwa na ubuluu hata kabla hujaimimina, imwage.

Sababu inayofuata ni ya farasi peke yake, na huwapata hata wazoefu waliotoka kwenye vipimo vya binadamu. Baadhi ya maabara huziba sahani kwa seramu ya farasi kwa sababu ni rahisi kupatikana. Hapa kingamwili ya pili imetengenezwa kuishika kingamwili ya farasi, kwa hiyo umepaka chambo kila kisima kwa mikono yako. Ziba kwa kaseini au maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Kwa sampuli za punda, kumbuka kwamba kingamwili nyingi za maabara hutengenezwa ndani ya punda, na seramu ya punda nayo hutumika kuzibia. Soma lebo zote mbili. Na hakikisha kingamwili ya pili inaishika IgG(T). Ile ya IgG ya jumla itapandisha rangi ya kila farasi aliyewahi kukutana na nyasi.

"Hakuna rangi popote, hata kwa farasi mwenye tegu"

Hii ni fupi. Tafuta sodiamu azidi kwenye bafa: huwekwa kuzuia bakteria, nayo huua peroksidesi inayotoa rangi. Kisha kingamwili ya pili iliyogandishwa na kuyeyushwa mara nyingi stima ikienda na kurudi. Kisha bafa ya kupaka antijeni (protini ya tegu inayonasa kingamwili) iliyopoteza pH yake ya 9.6. Tone la kingamwili ya pili moja kwa moja ndani ya TMB litakujibu kwa nusu dakika: rangi ikitoka, kosa liko kwenye antijeni au sampuli, isipotoka, ni kimeng'enya.

"Jeli imechafuka, na mistari ya 12 na 13 siioni"

Hapa ndipo kazi ya kutafuta viashiria inapokwamia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Jeli hutenganisha protini kwa ukubwa, na kila protini huonekana kama mstari.

Mwaka 1996 Proudman na Trees walionyesha kwamba kati ya protini anazotema tegu huyu, zile za kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 12 na 13 ndizo zinazofaa kupimia kingamwili, na kwamba kingamwili hizo zinaendana na wingi wa tegu. Kila anayeanza hutaka kuiona mistari hiyo miwili kwanza. Asipoiona, sababu ya kwanza karibu kila mara ni kwamba tegu walikuwa wamekufa.

Tegu aliyekufa hatemi, anavuja. Anachovuja ni misuli yake, aktini na vimeng'enya vya ndani, pamoja na vimeng'enya vinavyokula protini nyingine zote. Matokeo yake ni jeli yenye ukungu mrefu kutoka juu hadi chini. Ukiwatoa kwenye utumbo, waweke kwenye maji ya chumvi ya PBS yenye joto la mwili, nyuzi 37, wala si kwenye barafu. Waangalie chini ya taa. Tegu hai wa aina hii ni kipande kifupi kinene, kwa kawaida hakipiti sentimita 8, na kinajikunja na kujikunjua polepole. Nyuma ya kila kinyonyeo kuna kijisikio kidogo kinachoning'inia. Ukikosa hivyo visikio na mdudu ni mrefu sana, huenda ni A. magna, na umeanza mradi mwingine bila kujua. Waoshe mara kadhaa mpaka maji yawe meupe, kisha waweke kwenye RPMI, maji ya lishe ya maabara, isiyo na seramu, pamoja na antibayotiki. Kusanya maji ya saa chache za kwanza kando na yale ya baadaye. Yeyote asiyetikisika, mtoe.

Sababu ya pili inanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja: kichujio. Watu hukoleza maji haya kwa kichujio cha kilodaltoni 10 na kushangaa protini ya 12 imepungua au imetoweka. Tumia cha 3.

Ya tatu ni jeli yenyewe. Jeli ya 10% huzisukuma protini ndogo hadi kwenye rangi ya chini. Tumia 15%, au ya tricine. Ukihamishia kwenye utando, chagua wenye matundu ya mikromita 0.2 na ufupishe muda, kwa sababu kwenye wa 0.45 protini ndogo hupita hadi upande wa pili.

Mstari mnene kwenye 66, pamoja na mingine kwenye 50 na 25, si ugunduzi. Ni albumini na kingamwili za farasi mwenyewe zilizong'ang'ania ngozi ya tegu. Rudi ukaoshe.

Kupata tegu wenyewe ni mtihani mwingine. Machinjio ya punda nchini yalifungwa kwa amri ya serikali mwaka 2020, na farasi hachinjwi hapa, kwa hiyo inabakia mizoga inayopasuliwa na daktari. Simama hapa: usipasue farasi au punda aliyekufa ghafla, hasa damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au nyuma. Hicho chaweza kuwa kimeta, na ukiufungua mzoga umeisambaza mbegu yake kwenye udongo kwa miaka mingi. Mnyama aliyebadilika tabia kabla ya kufa, fikiria kichaa cha mbwa. Zuia watu na mbwa, piga simu ofisi ya mifugo ya kaunti, basi.

"Orodha ya protini imejaa farasi, au imejaa vitu vya kawaida"

Ukirudishiwa majibu ya masi-spektrometa, mashine inayotambua protini kwa uzito wa vipande vyake, na juu kabisa ni albumini ya farasi, tatizo ni uoshaji uleule. Kama hakuna kitu kinachotambulika kabisa, angalia kanzidata iliyotumika. Tafuta kwenye protini za tegu huyu zilizokisiwa kutoka RNA yake na, kwa wakati mmoja, kwenye za farasi, ambaye jenomu yake ilichapishwa mwaka 2009. Ukitafuta kwenye ya tegu peke yake, programu italazimisha vipande vya farasi viitwe tegu.

Orodha ikiwa safi utaona enolasi, HSP70, glutathioni S-transferasi, na protini zinazobeba asidi za mafuta, kwa kuwa tegu hawezi kujitengenezea mafuta hayo na humwibia mwenyeji. Usishangilie bado. Protini hizi zipo kwa tegu wote, na nyingine hata kwa farasi. Linganisha mfuatano wake na wa Echinococcus, tegu wa mbwa, maana farasi na punda hubeba vifuko vya maji vya tegu huyo kwenye ini na mapafu. Sehemu inayofanana, iache. Chukua kipande ambacho ni cha Anoplocephala peke yake, hata kama kinatoa rangi hafifu.

"Kiashiria kinafanya kazi kwangu, kwa wengine kinagoma"

Uliza kwanza sampuli zako "safi" zilithibitishwaje. Kama ni kwa kinyesi kisicho na mayai, rudi juu kwenye ile 61%. Baadhi ya farasi wako safi wana tegu. Ushahidi wa kutosha ni utumbo uliofunguliwa na tegu kuhesabiwa.

Kisha safari ya sampuli. Damu kutoka Diani hukaa kwenye foleni ya feri ya Likoni, na barafu ya wauza samaki ikigusana na chupa moja kwa moja huzipasua chembe nyekundu. Acha damu igande kwanza kivulini, itenganishe seramu mapema, na weka gazeti au kitambaa kati ya chupa na barafu. Seramu yenye rangi ya juisi ya ukwaju usiitumie kuamua kitu.

Watoto wa farasi waondoe kwenye hesabu za mwanzo. Wana kingamwili walizonyonya kwa mama. Usikope pia kiwango cha mpaka kilichowekwa kwa farasi wa Uingereza ukakipachika kwa punda wa Kisauni.

Mwisho ni hesabu, na hii huvunja mioyo. Chukua kipimo kinachowakamata 85% ya wenye tegu na kuwaachia 85% ya wasio nao. Kwenye farasi 100 ambao 10 tu wana tegu, kitawakamata 8 au 9 wa kweli, na wengine 13 au 14 wasio na kitu. Kipimo hakijaharibika, kimepelekwa mahali penye tegu wachache. Ukifika hapa mwite mtaalamu wa takwimu kabla ya kukusanya sampuli zaidi, na uwe na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na idhini ya kamati ya maadili mkononi. Damu ichukuliwe na daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, na seramu isivuke mpaka bila kibali cha Idara ya Huduma za Mifugo.